Mkaa Uliosukwa

(Hotuba mbele ya wanafunzi na walimu wa chuo cha ufundi, Dar es Salaam)

Mwalimu mkuu, walimu, mafundi wenzangu mliofunga karakana zenu mchana huu, na nyinyi vijana mliojibanza kule nyuma karibu na mlango: habari za saa hizi. Wakubwa zangu, shikamooni.

Nimekuja na vitu vitatu. Cha kwanza ni hii fremu nyeupe ya baiskeli, niliyoitengeneza mwenyewe kwa nyuzi za kaboni. Naomba ipitishwe, kila mmoja aishike. Ina kilo 1 na gramu 740, bila foki, ule uma unaoshika gurudumu la mbele. Baiskeli ya Phoenix mliyoikuta nyumbani kwenu, ikiwa nzima, inafika kilo 20 na kupita. Cha pili kimefunikwa pale mezani, tutakifunua baadaye. Cha tatu ni sarafu ya shilingi 200, nayo ina kazi yake.

Namwona kijana wa mbele ameshaibonyeza fremu kwa kidole gumba. Kila anayeishika hufanya hivyo, halafu huniuliza swali lilelile: "Fundi, hii haitavunjika?" Ya kwanza ilivunjika. Niliivunja mwenyewe, kwa makusudi, kabla mtu yeyote hajaipanda. Hiyo ndiyo habari niliyokuja kuwapa; mengine ni njia ya kufikia hapo.

Mimi ni fundi wa boti. Miaka 11 nimeshinda na faiba pale Msasani, naziba matumbo ya boti yaliyokwaruzwa na miamba, napaka gelkoti, ile ngozi ngumu ya nje, napiga msasa mpaka mikono inawasha. Baiskeli kwangu ilikuwa chombo cha kuendea kazini tu. Sasa siku moja akaja mgeni na baiskeli ya mashindano. Ilikuwa na ufa karibu na gurudumu la nyuma, mwembamba kama unywele. Alikuwa amezunguka kwa mafundi wa kuchomelea wakamcheka, wakamwambia hiki si chuma, hakichomelewi. Mtu mmoja akamshauri, nenda kwa watu wa boti. Nikamwambia niachie siku tatu.

Usiku ule nilikata kipande pembeni mwa ufa ili nione ndani. Boti ndogo kabisa ninayoikarabati ina ukuta wa milimita 6. Ukuta wa bomba lile haukufika hata milimita 2. Na ndani ya wembamba ule mlikuwa na tabaka juu ya tabaka, kama chapati iliyokunjwa na mtu anayejua kazi yake. Nilikaa na kile kipande mkononi nikisahau kula. Yule mgeni nilimrudishia baiskeli yake ikiwa nzima, akaondoka. Mimi nikabaki na ugonjwa.

Hii kaboni ni kitu gani, basi? Ni mkaa, wala sitanii. Mchoma mkaa anapanga magogo, anafunika kwa majani na udongo, anawasha, halafu kazi yake yote inakuwa kulinda hewa isiingie. Akilala usingizi mzito tanuri likapasuka, asubuhi anakuta majivu. Nyuzi hizi zinapatikana kwa njia hiyohiyo. Mwanzo wake ni uzi wa akriliki, ndugu wa ule unaofumwa masweta. Kwanza unapikwa kwenye hewa, kati ya digrii 200 na 300 za Selsiasi, huku umevutwa ukakaza. Halafu unaingizwa kwenye tanuri lisilo na oksijeni, joto linapita digrii 1,000, na kila kisicho kaboni kinatoka kama moshi. Kinachobaki ni uzi mweusi wenye unene wa milimita 0.007 hivi. Unywele wa kichwani mwako ni mnene mara kumi. Nyuzi 3,000 zikikusanywa pamoja zinatoa utepe mmoja mwembamba, na tepe hizo ndizo zinazofumwa kitambaa.

Wazo lenyewe la zamani. Mwaka 1879 na 1880 Edison alikuwa akichoma nyuzi za pamba na za mianzi kwa namna hiyo apate uzi wa kuwaka ndani ya taa. Lakini uzi wa kubeba mzigo ulichelewa. Mwaka 1958 Mmarekani Roger Bacon alipata nyuzi za kaboni zenye nguvu ya ajabu katika maabara, na mwaka 1961 Mjapani Akio Shindo akaonyesha kwamba ule uzi wa akriliki ndio mama wa kazi. Waingereza wa kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough nao wakaingia, wakaiboresha. Kampuni ya Rolls-Royce ikaona imepata dawa, ikatengeneza mapanga ya mbele ya injini ya ndege kwa kaboni. Yakafaulu majaribio mengi, isipokuwa moja: walipoirushia injini ndege, yule wa mabawa na manyoya, mapanga yakasambaratika. Wakarudi kwenye metali ya titani, na mwaka 1971 kampuni ikafilisika, injini ile ikiwa sababu kubwa. Hiyo ya ndege iwekeni akilini. Kaboni inavumilia kuvutwa kuliko chuma, lakini pigo la ghafla kutoka ubavuni haina urafiki nalo.

Sasa tuje kwenye namba, kidogo tu. Ukakamavu, yaani jinsi kitu kinavyokataa kunyumbuka, unapimwa kwa gigapaskali. Chuma cha pua na chuma cha kawaida vinacheza kwenye 200. Alumini 70. Uzi wa faiba ya boti zetu 72 hivi. Uzi wa kaboni wa daraja la kawaida ni 230, na uzito wake haufiki robo ya chuma. Mtu akisikia hivyo anakimbia kununua. Ngoja kwanza. Ile 230 ni ya uzi peke yake, ukivutwa kwa urefu wake. Ukishaulowesha kwenye resini, gundi ya maji inayokauka ikawa ngumu, karibu nusu ya ujazo wote inakuwa resini, hasa kwa sisi tunaotumia brashi na mikono. Na ukiuvuta kwa upande, kukatiza uzi, kinachokushikia ni resini tu, ile gundi. Ukiamua kulaza tabaka zako kila upande sawasawa ili uwe salama, ukakamavu unaweza kushuka chini ya alumini. Umelipa pesa yote ile kupata alumini nyeusi!

Hapa ndipo nilipokwama miezi. Aliyenikwamua ni mama yangu.

Mama ni mtu wa Pangani, anasuka ukili hadi leo. Mzigo wangu wa kwanza ulipofika kutoka nje (bei yake sitaitaja, mke wangu yumo humu ndani), mlikuwa na kitu wanachokiita soksi: bomba lililosukwa kwa tepe za kaboni, linavalishwa kama soksi kwenye mguu. Mama alikuwa amekuja kututembelea. Akaichukua, akaivuta ikarefuka na kuwa nyembamba. Akaisukuma ikafupika ikanenepa. Akaniuliza, "Huu ukili nani kasuka?" Nikamwambia, mama, ni mashine, ni kaboni. Akasema, "Mashine hiyo imefundishwa na mtu." Halafu akanieleza jambo analolijua tangu utotoni: chane za miyaa kwenye ukili zimelala mshazari, ndiyo maana ukiuvuta unakubali kurefuka, na ndiyo maana ukiukunja au kuusokota haukatiki. Akitaka ukingo usiorefuka, anapitisha kamba kwa urefu.

Basi fremu nzima iko katika maneno hayo. Unapokanyaga pedeli, bomba la chini, lile linalotoka shingoni hadi kwenye pedeli, linasokotwa. Chane za kupambana na msokoto ni za mshazari, digrii 45 kwenda kulia na 45 kwenda kushoto. Unapokaa na kupita kwenye tuta, bomba linapindwa, na kinachokataa kupindwa ni chane zilizolala kwa urefu. Kwa hiyo bomba langu la chini lina tabaka 6: mshazari, urefu, mshazari, urefu, urefu, mshazari. Ile ya nje niliiweka mshazari kwa kuwa ndiyo inayopigwa na mawe. Mabomba mengine yana 4 au 5. Hakuna mahali nilipoongeza tabaka kwa sababu ya woga, ingawa mkono uliwasha.

Msidhani nimegundua kitu. Mwaka 1986 Mmarekani Greg LeMond alishinda mbio za baiskeli za Tour de France juu ya baiskeli yenye mabomba ya kaboni. Mwaka huohuo kampuni ya Kestrel ya Marekani ikatoa fremu ya kaboni tupu. Mafundi ninaowapenda mimi, hata hivyo, ni wawili waliotokea karakanani. Mmoja ni Craig Calfee, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi kwenye karakana ya mashua za makasia za kaboni. Baiskeli yake ikaharibika kwenye ajali mwaka 1987, akaona kwa nini nisijitengenezee kwa hiki ninachokishika kila siku? Mtu wa boti, kama mimi. Miaka minne baadaye timu ya LeMond ilikuwa inapanda fremu zake. Huyuhuyu ndiye aliyekuja Ghana kufundisha mafundi kutengeneza fremu za mianzi, viungo vimefungwa kwa nyuzi na epoksi, aina mojawapo ya resini. Wa pili ni Mike Burrows wa Norwich, Uingereza, aliyetengeneza baiskeli ya kipande kimoja, isiyo na mabomba kabisa, tangu miaka ya 1980. Viwanda vya baiskeli vya kwao vikamkataa, na chama cha kimataifa cha mchezo kikapiga marufuku umbo lile. Marufuku ilipoondolewa, kampuni ya magari ya Lotus ikalichukua wazo, na mwaka 1992 kule Barcelona Chris Boardman akalipanda akachukua dhahabu ya Olimpiki. Katika fainali, ambako wawili huanza pande mbili za uwanja wakifukuzana, alimfikia mpinzani wake, jambo ambalo halionekani kila siku katika mbio za mita 4,000.

Haya, tuingie karakanani.

Njia ziko nyingi. Unaweza kuchonga fremu nzima kwa povu, ukaivalisha kaboni, kisha ukaliyeyusha povu kwa petroli. Niliijaribu njia hiyo kwanza, na hapa nitasema kosa langu ili mcheke mapema. Lile povu jeupe linalokuja na televisheni ni polistairini. Epoksi hailidhuru. Resini ya poliyesta, ile tunayojengea boti, ina stairini ndani yake, inalila kama mchwa. Najua hilo tangu mwaka wangu wa kwanza wa kazi. Lakini jioni ile nilikuwa na haraka, galoni la poliyesta lilikuwa karibu, epoksi ilikuwa kabatini. Nikapaka. Nikaenda kunywa chai. Niliporudi fremu yangu ilikuwa imelegea kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, inachuruzika kwenye meza. Kijana wangu wa kazi hakucheka mbele yangu.

Nikahamia njia ya mabomba na viungo: unatengeneza mabomba, unayakata, unayaunganisha kwa kuyafunga. Mabomba niliyasuka juu ya bomba la alumini la milimita 35 lililopakwa nta. Tatizo linakuja kuyavua. Hapa fizikia inasaidia. Alumini ikipata joto inatanuka, kaboni karibu haitikisiki. Nikaikausha kaboni ikiwa na joto la juani, halafu nikalizika lile bomba kwenye barafu ya samaki kutoka soko la Feri. Kwa tofauti ya digrii 50, alumini ya milimita 35 inasinyaa kama milimita 0.04. Ukiiona kwa maandishi ni upuuzi. Kwa vitendo ni tofauti kati ya bomba kuteleza mkononi na kulipiga nyundo mpaka machozi. Na harufu ya samaki huondoka baada ya siku mbili, tatu.

Kisha unahitaji meza ya kushikilia mabomba yasisogee. Yangu ni mlango wa zamani juu ya farasi wa mbao, na pembe za alumini zimefungwa kwa skrubu. Pembe ya bomba la shingo, lile linaloshika usukani, niliiweka digrii 73. Upana wa vishikio vya gurudumu la nyuma niliuweka milimita 130. Nyumba ya ekseli ya pedeli, milimita 68, niliinunua ya alumini yenye hesi tayari. Na wale wasiojua: hesi ya upande wa cheni inakwenda kinyume, usiifunge kama boliti ya kawaida ukaiharibu.

Mwisho wa kila bomba unakatwa kama hilali ili ulikumbatie bomba la jirani bila mwanya. Ni kazi ya tupa na subira tu, grinda inakula haraka. Halafu kona unaijaza kwa epoksi iliyochanganywa na unga wa mbao, unailainisha kwa kidole iwe na mviringo. Uzi wa kaboni hautaki kona kali. Ukiupindisha ghafla, hapo ndipo utakapokatikia.

Sasa ndiyo kufunga. Babu zetu wa pwani waliunda mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja, na tanga lake la mkeka. Kiungo cha fremu hii ni ndugu yake: vipande vya kaboni vinazungushwa, vinapishana, kila tabaka likizidi lile la chini kwa milimita 5 hadi 10 ili ukingo ufe polepole. Ukingo ukikatika wima, mzigo unajikusanya pale pale. Baada ya hapo lazima ubane, maana resini ya ziada ni uzito usio na faida na hewa iliyobaki ndani ni shimo. Viwandani wana majoko ya shinikizo. Mimi nilitumia raba ya tyubu ya baiskeli iliyochanwa vipande virefu, ile mnayofungia mizigo kwenye keria. Unatanguliza nailoni iliyotobolewa kwa sindano, unavuta raba kwa nguvu ukizungusha, na resini inatoka kwenye vitobo kama jasho. Mabomba niliyatia kwenye mfuko wa plastiki nikanyonya hewa kwa kompresa ya friji mbovu. Hewa yenyewe ya duniani inakusaidia kubana, karibu kilo 1 kwa kila sentimita ya mraba. Bure.

Kwa unyoofu wa fremu sikuamini macho. Chukua uzi, ufunge kishikio cha nyuma cha kulia, uzungushe mbele kwenye bomba la shingo, urudi kishikio cha kushoto. Pima kutoka kwenye uzi hadi bomba la kiti, pande zote mbili. Fremu ya kwanza ilinitofautia milimita 6. Hii mnayoipitisha, nusu milimita.

Naomba nichelewe kidogo kwenye mambo ya joto, kwa sababu ndiyo yanayotuhusu sisi wa mji huu. Epoksi iliyokaukia kivulini hapa Dar inaanza kulainika kwenye digrii 50 hadi 60 hivi. Fremu nyeusi iliyoegeshwa juani saa saba mchana inafika huko bila kujitahidi. Unatoka kazini, unapanda, viungo vimekuwa mpira. Dawa ni kuipika tena baada ya kukauka, polepole, ili resini ijifunge zaidi na ivumilie joto kubwa. Nilitengeneza sanduku la bati, nikalipaka rangi nyeusi, nikaliweka juani na taa mbili za moto ndani, kipimajoto kikichungulia kwenye tundu. Nikapandisha mpaka 70, saa nane mfululizo. Ndiyo maana pia fremu hii ni nyeupe. Watu hunilaumu kwamba nimeficha kaboni yenyewe, ule mchoro mzuri hauonekani. Nimeificha, ndiyo.

Na chumvi. Wale wa boti mnakijua kile kipande cha zinki tunachofunga karibu na panga la injini, kiliwe kwanza. Kaboni ikigusana na alumini penye unyevu wa bahari, alumini ndiyo inayoliwa. Kati ya kaboni na kila kipande cha alumini nimeweka tabaka moja la faiba ya kawaida. Inazuia umeme mdogo usipite. Tabaka hilo ukilisahau, baada ya mwaka nyumba ya pedeli inazunguka peke yake ndani ya fremu.

Mwalimu, fungua sasa kile kitambaa.

Ndiyo hiyo, fremu ya kwanza. Niliibana kwenye nguzo, nikaning'iniza magunia ya mchanga mahali pa kiti na mahali pa pedeli, nikaongeza moja baada ya jingine. Ilianza kwa mlio, tak, kama kuvunja bisi. Kimya. Tak nyingine. Halafu shingo ikatoka nzima mkononi mwa kiungo, safi, kama kidole kinavyotoka kwenye glavu. Sogeeni muone: kaboni haikukatika hata uzi mmoja! Kiungo hakikushika bomba. Nililiangalia lile bomba kwa saa nzima, nikalipaka tone la maji. Maji yakajikunja yakawa shanga, yakakataa kuenea. Nta. Nta niliyoipaka mimi kwenye alumini ilikuwa imehamia, nami nikapiga msasa juu yake bila kuosha kwanza, nikaisugulia ndani. Kazi ya miezi minne iliangushwa na kitu kisichoonekana, na kama nisingeivunja pale nguzoni ingevunjikia Barabara ya Bagamoyo mbele ya daladala.

Tangu siku ile tone la maji ni sheria kwenye karakana yangu. Osha, piga msasa, osha, weka tone. Likijikunja, rudia. Na kwa unyevu wetu epoksi yenyewe huweza kutoa utando wa mafuta-mafuta juu yake ikikauka. Nao huondoka kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa, kabla hujagusa msasa.

Fremu hii ya pili ilibeba magunia yaleyale na mengine mawili bila mlio. Lakini kubeba mara moja si kazi. Kipimo cha kimataifa cha baiskeli, ISO 4210, kinataka fremu ikanyagwe kwa mashine mara 100,000, na jaribio jingine liangushe uzito wa kilo 22.5 mbele yake. Mashine yao sina. Nilichukua mota ya mashine ya kukoboa, mapuli ya kupunguza mwendo, na springi ya shokapu ya pikipiki ya kusukuma pedeli. Mkanyago mmoja kwa sekunde, mara 100,000 ni kama saa 28. Umeme ulikatika mara mbili. Majirani walilalamika mara nyingi zaidi. Sisemi fremu yangu imefaulu ISO. Nasema imekanyagwa mara 100,000 mbele ya macho yangu nikaikagua baada ya kila 10,000.

Foki sikutengeneza. Nilinunua ya chuma. Vijana mtakaojaribu, naomba hapo msibishane nami. Fremu nyingi zikianza kufa hulia kwanza, hutikisika, unashuka. Foki ikikatika unaanguka kwa uso. Na watu wananiuliza bei: sijauza hata moja, wala sitauza kwa sasa. Kuhatarisha meno yangu ni ruhusa yangu. Ya mteja sina ruhusa nayo.

Anayetaka kuanza aanze na mianzi mikavu na katani ya Tanga. Mwanzi ni bomba ambalo Mungu ameshalipanga nyuzi zake kwa urefu. Unachojifunza ni kufunga viungo. Viungo vyangu vya mazoezi vyote vilikuwa vya katani. Ukiharibu, umepoteza epoksi ya kikombe kimoja. Na hicho kikombe usikijaze. Epoksi iliyorundikwa pamoja inajipasha moto yenyewe. Yangu iliwahi kufuka moshi na kuyeyusha ndoo. Changanya kidogo, mimina kwenye sahani pana.

Vumbi la kaboni linawasha kama upupu, na linapitisha umeme, limeshaniulia grinda moja. Vaeni barakoa ya kweli, msasa upigwe na maji. Na msinawe epoksi kwa tina. Tina inaiingiza ndani ya ngozi. Nina mwenzangu ambaye mwili wake umeshaikataa. Leo akiingia tu kwenye chumba chenye epoksi mbichi, macho yanavimba. Alikuwa fundi bora kuliko mimi. Sasa anauza samaki.

Nimemaliza upande wangu. Imebaki hii sarafu. Kaboni iliyoshikana vizuri ukiigonga kwa sarafu inalia kwa sauti kali, inarudisha. Mahali tabaka zilipoachana ndani, bila kuonekana nje, sauti inakuwa bubu, kama kugonga papai. Fremu iliyovunjika pale mezani ina kasoro ya pili ambayo haikuhusika na kuvunjika kwake. Iko kwenye bomba moja kati ya matatu makubwa, haizidi upana wa kidole, na rangi juu yake ni safi kabisa. Walimu wameshaitafuta asubuhi. Njooni watano watano, mmoja agonge, wanne wanyamaze. Atakayeisikia asiseme kwa sauti, aje aninong'oneze mahali ilipo, na hiyo shilingi 200 airudishe mezani.